Watu Kumi na Wawili Nyumbani kwa Saveta

Nyumba ya Saveta Ciobotaru iko ghorofa ya nne pale Castellón, barabara ya kwenda bandarini: vyumba viwili, jiko la kugeukia ubavu, na kibaraza cha kuanikia nguo. Kwenye daftari la wakazi la manispaa nyumba hiyo ilikuwa na watu kumi na mmoja, na Nugzar alipoongezwa wakawa kumi na wawili. Usinitolee macho. Kila Mromania wa mji ule anajua ilivyokuwa.

Mtu akishuka kwenye basi la kutoka Târgoviște na begi lake, cha kwanza anachohitaji si kazi, ni anwani. Bila jina lako kuandikwa manispaa kwamba unalala mahali fulani, daktari hakuoni, shule haimpokei mtoto, na karatasi nyingine zote zinakukimbia. Wenye nyumba wengi hawataki kuisikia habari hiyo. Chumba watakupa, pesa watapokea, lakini jina lako kwenye karatasi zao, ng'o! Basi watu wakawa wanaelekezwa kwa Saveta. "Nenda kwa Saveta, yule hana neno." Na kweli hakuwa na neno. Atavua aproni, atavaa koti, atakwenda nawe manispaa kwa miguu, atatia saini kwamba unaishi kwake, kisha atakupa supu. Wiki mbili tatu utalala kweli, jikoni, kwenye godoro. Halafu unapata chumba chako, unaondoka, jina linabaki. Nani akumbuke kwenda kulifuta?

"Acheni likae," Saveta alikuwa akisema. "Jina lenu halinywi supu yangu."

Ukimwona kazini ungedhani ni mtu mwingine kabisa. Miaka ishirini na miwili amesimama kwenye mkanda wa ghala la machungwa, akichambua mazuri na mabovu, na mdomo wake ule hata msimamizi alikuwa anauogopa. Alikuwa mfupi, mnene, miaka hamsini na sita, na mikono yenye harufu ya maganda hata akioga mara tatu. Akikuambia toka, unatoka. Lakini akisikia mtu hana pa kulala, ukali wote humwishia.

Jina la kwanza katika daftari lilikuwa lake. La pili lilikuwa la Profira, dada yake. Walikuja basi moja, siku moja, wakiwa na sufuria moja kati yao, na miaka ishirini waliishi pamoja katika vyumba vile viwili wakigombana juu ya dirisha lifunguliwe au lifungwe. Miaka miwili iliyopita, mwezi Februari, Profira alikwenda Târgoviște kutibiwa moyo. Saveta alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege. Siku ya tisa wakampigia simu.

Alikwenda akamzika, akarudi, akaingia kazini kesho yake. Ile ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi, ambayo kwetu hupikiwa marehemu siku ya arobaini na kila mwaka unapotimia, hakuipika hata mara moja. Meza ya kumkumbuka hakuiandaa. Barua zenye jina la Profira zikija, anaziweka kwenye droo ya chumba cha Profira na kufunga mlango. Mtu akiulizia habari za dada yake, Saveta anaanza kuzungumzia bei ya viazi. Watu wakaelewa, wakanyamaza.

Nugzar Kapanadze aliingia katika maisha yake kwa kugombezwa. Alikuwa dereva wa lori, mtu wa Jojia, kule ng'ambo ya Bahari Nyeusi, na aliegesha lori lake mbele ya mlango wa ghala, wafanyakazi wakashindwa kutoka. Saveta akamwendea na kumpa vidonge vyake vyote, kwa Kihispania, na palipopungua akamalizia kwa Kiromania. Nugzar alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogeza lori, akarudi kwa miguu, akasema, "Mama, sijaelewa hata nusu, lakini unasema vizuri." Siku tatu alizokaa akisubiri machenza ya kupakia, alimletea kahawa kila asubuhi. Na kila lori lake lilipopewa safari ya Uhispania, sijui kwa bahati au kwa kuwabembeleza mabosi wake, lilikuwa linakwenda ghala lile lile.

Walifunga ndoa Târgoviște ya kwao Saveta majira ya kuchipua, yeye na gauni la buluu, Nugzar na suti ya kuazima inayombana makwapani. Nugzar akaacha kazi ya lori. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na mgongo wake ulikuwa umekwisha kwa usukani. Wakaja Castellón kuomba kadi yake ya ukaazi. Saveta ni raia wa Ulaya, ana haki ya kuishi na mumewe, sheria inasema hivyo wazi. Lakini sheria iko kwenye kitabu na faili liko mezani kwa mtu, na hayo ni mambo mawili. Walipeleka cheti cha ndoa, pasi mbili, karatasi ya mshahara, karatasi ya bima, picha zenye masikio yote mawili, na karatasi ya manispaa ya watu wanaoishi nyumba moja nao.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyowachoma. Barua ya Uhamiaji ikaja Jumanne. Nugzar aliisoma mezani jikoni, kidole kikitembea chini ya kila mstari.

"Zaharia Bucur, mwanamume, anaishi hapa miaka kumi na minne," alisoma. Akainua macho. "Huyu nani, mke wangu?"

"Fundi mwashi."

"Miaka kumi na minne anajenga nini humu ndani?"

"Mjinga wewe! Alilala wiki mbili tu, pale unapoweka miguu yako."

"Na hawa kina Lupu watano?"

"Mwezi. Binti zao walikuwa wadogo, tuliwalaza kwenye bafu la kuogea na mablanketi."

Nugzar alicheka mpaka akashika mbavu, na Saveta naye akacheka, wakawa wanafutana machozi kwa kitambaa cha sahani. Kisha Saveta akamalizia kuisoma barua mwenyewe na kicheko kikamkauka. Uhamiaji hawakuona kichekesho. Waliona mwanamke wa makamo aliyeolewa ghafla, wanaume wanne wa makamo katika vyumba viwili, na walitaka kujua kama ndoa hii ni ndoa au ni biashara. Wakatoa siku kumi za kazi. Iletwe orodha sahihi ya wanaoishi humo kweli, Saveta aitie saini kwa kiapo. Isipoletwa, au ikiletwa na uongo, ombi linakataliwa, na Nugzar, ambaye siku zake za ugeni zilikuwa zinaisha, afungashe arudi Kutaisi.

"Nikienda nitarudi," alisema Nugzar. "Tutaanza upya. Mwaka mmoja, labda na nusu."

"Funga mdomo," Saveta akamwambia. "Nimeshampeleka mtu mmoja uwanja wa ndege. Wa pili simpeleki. Umesikia? Simpeleki!"

Jumapili, baada ya ibada, Waromania walipokuwa wamejazana uani mwa kanisa wakivuta sigara na kugawana keki, Saveta alipanda juu ya ukingo wa maua na kupiga makofi.

"Wote mnaoishi kwangu, njooni hapa!"

Watu wakacheka. Lakini wakatoka: baba na mama Lupu na mabinti wao watatu, ambao sasa mkubwa wao alikuwa muuguzi, ndugu wawili wa kiume wachuma machungwa, bibi Aglaia anayemtunza kikongwe mmoja mtaa wa juu, na Zaharia, fundi mwashi, kofia mkononi. Tisa. Saveta akawaeleza bila kupamba. Kila mmoja aende manispaa kujiandikisha anapolala kweli, na waende pamoja, Alhamisi, ili wamalize shughuli mara moja.

Hapo ndipo moshi ulipofuka. Ndugu wawili walikuwa wanalala shambani kwa tajiri wao. Mwenye nyumba wa Lupu alikuwa na maneno yake. Zaharia alikuwa anakuna kisogo tu.

"Dada Saveta," alisema baba Lupu, "tukimwambia yule mzee tunataka majina yetu kwenye karatasi, si atatupandishia kodi?"

"Akipandisha niite mimi."

"Shemeji mwenyewe anasemaje?" akauliza mmoja wa wale ndugu, akimtazama Nugzar.

"Shemeji wenu," alijibu Nugzar kwa Kihispania chake cha barabarani, "anaogopa kuwafukuza watu tisa nyumbani kwao. Kwetu ukifukuza mgeni mmoja tu, mama yako anakukana."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Bibi Aglaia, aliyekuwa na miaka sitini na minane na fimbo, akasema yeye anakwenda siku hiyo hiyo kuzungumza na wenye nyumba yake. Na alikwenda. Aliwakuta watoto wa yule kikongwe wakila chakula cha mchana, akasimama mlangoni: "Miaka sita namwogesha mama yenu, namlisha, najua hata anaota nini. Nalala chumba cha pili mkono wa kulia. Manispaa hawajui, lakini ninyi mnajua. Sasa mtatia saini, au kesho mtamwogesha wenyewe?" Walitia saini kabla supu haijapoa.

Zaharia alimvuta Saveta pembeni, nyuma ya gari la padri.

"Dada, mimi nina tatizo."

"Sema."

"Mimi naishi na mtu."

"Mtu gani?"

"Yule mjane wa duka la vyuma. Mhispania. Mwaka wa nne huu." Mzee mzima na masharubu yake, uso ulikuwa umemwiva. "Nikijiandikisha kwake, mji wote utajua."

"Zaharia, jamani!" alisema Saveta. "Mji wote unajua tangu mwaka wa kwanza. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa hujui kwamba tunajua."

Alhamisi asubuhi wakaingia manispaa kama watu wanaokwenda harusini, wamenyoa, wamepaka mafuta, kila mmoja na faili lake. Karani wa dirisha la tatu alikuwa Encarna, mwanamke wa pale pale mjini, miwani kwenye mnyororo, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amewaandika wote hao kwa mkono wake. Alitazama foleni. Akatazama kompyuta. Akatazama tena foleni.

"Nyote mlikuwa mnaishi pale? Mita za mraba sitini? Mlikuwa mnalala kwa zamu?"

"Tulikuwa tunalala kwa ubavu, mwanangu," alisema bibi Aglaia. "Ukitaka kugeuka unaomba ruhusa."

Encarna alijifanya anakohoa. Lakini alifanya kazi, Mungu ambariki, na hakuuliza lisilohitajika. Mmoja mmoja walikwenda dirishani, wakatoa karatasi, wakahamishwa. Ndugu wawili walikuwa na barua ya tajiri wao. Kina Lupu walikuwa na mkataba, na kodi haikuwa imepanda, maana Saveta alikuwa ameitwa. Zaharia alipotaja mtaa wa duka la vyuma, nyuma yake mtu akapiga mluzi, naye akageuka akasema, "Na nyie!" lakini alikuwa anatabasamu. Saa tano walikuwa wamemaliza. Wakatoka nje kumsubiri Saveta, na mmoja akaenda kutafuta chupa na vikombe vya karatasi.

Dirishani wakabaki Saveta na Nugzar.

"Vizuri sana," alisema Encarna. "Wamebaki watatu. Wewe, bwana, na Profira Ciobotaru. Ni sahihi? Nikichapa sasa, unatia saini hapa kwamba hawa ndio wanaoishi humo."

Saveta aliubana mkoba wake kifuani.

"Mama? Profira anaishi hapo?"

"Amesafiri," alisema Saveta.

"Kasafiri lini?"

"Amesafiri tu."

Encarna alivua miwani. "Kama amehama, aje mwenyewe au alete barua. Kama yupo, tia saini. Lakini mama, hiki ni kiapo. Uhamiaji wakija nyumbani wakaona si kweli, faili la bwana linakwenda na maji."

Saveta alishika ukingo wa dirisha. Alikuwa amejikaza kisabuni miaka miwili, kazini, kanisani, kwenye foleni ya mikate, na sasa anaulizwa na mtu asiye ndugu yake wala jirani yake. Moyoni alikuwa anajua vizuri kilichomleta hapo. Watu tisa amewahamisha kwa maneno makali na kicheko, na siku zote hizo alikuwa anazunguka tu, anakwepa jina moja. Cheti cha kifo kilikuwemo ndani ya mkoba. Alikitia mwenyewe alfajiri, bila kumwambia Nugzar, bado kimekunjwa vile vile walivyomkabidhi Târgoviște, na njia nzima alikuwa akiomba kisihitajike.

Nugzar alijua Profira ni nani. Alikuwa ameishi miezi kadhaa na mlango ule uliofungwa, na hata siku moja hakuweka kiatu wala sanduku lake ndani ya chumba kile, wala hakuuliza kitanda kimetandikwa kwa ajili ya nani. Alimgeukia mkewe.

"Saveta," alisema polepole. "Acha. Mwache dada yako abaki. Mimi nitakwenda Kutaisi. Mimi njia ya kurudi naijua."

Saveta alimtazama. Alimtazama mgongo wake ulioinama kwa usukani, na shati alilompigia pasi asubuhi. Mtu huyu alikuwa tayari kuondoka ili asimlazimishe kusema neno moja. Na hasira ikampanda, ile ile ya siku ya lori, hasira yenye mapenzi ndani yake.

"Huendi popote," alisema. Akafungua mkoba.

Karatasi ilikuwa imeshikamana kwenye mikunjo. Aliikunjua juu ya dirisha, akailainisha kwa kiganja mara mbili, tatu. Encarna aliisoma.

"Lazima niingize tarehe," alisema kwa sauti ya chini. "Naweza kuinakili mwenyewe."

"Hapana. Nitakutajia." Saveta alivuta pumzi. "Dada yangu Profira amefariki. Tarehe kumi na tisa Februari, mwaka juzi. Saa kumi na moja alfajiri. Sikuwepo."

"Pole sana, mama."

"Haya. Andika."

Encarna akaandika. Karatasi ikatoka na majina mawili. Saveta akatia saini.

Niseme kabisa, usije ukakaa roho juu: mchana huo huo karatasi ilifika Uhamiaji, na kadi ya Nugzar ilitoka kabla ya Krismasi, na picha yake ndani, masikio yote mawili. Sasa ana kazi ya kuendesha gari dogo la shule, na watoto wanamsumbua, na yeye anafurahi. Lakini turudi pale manispaa, maana hakuna aliyeondoka bado.

Wale tisa walikuwa wanangoja chini ya ngazi, chupa iko wazi, vikombe vimepangwa juu ya ukuta. Saveta alipojitokeza mlangoni wakapaza sauti, "Vipi? Vipi?"

"Mume wangu anabaki," alisema Saveta.

Wakapiga kelele, mabinti wa Lupu wakarukaruka, ndugu mmoja akamkumbatia Nugzar mpaka kofia ikaanguka. Saveta alibaki juu ya ngazi. Aliinua mkono kidogo, na kwa kuwa hajawahi kuomba kusikilizwa bila kupiga makofi, wote wakanyamaza.

"Na jambo jingine," alisema. "Profira amefariki."

Hakuna aliyekuwa hajui. Mama Lupu alikuwa amechangia shada la maua. Zaharia alikuwa likizo kwao Februari ile, na jeneza lile alilibeba mwenyewe, bega la kushoto, kwenye theluji mpaka kaburini. Lakini hakuna hata mmoja aliyesema, dada, mbona tunajua. Zaharia alivua kofia, wale ndugu wawili wakavua za kwao. Mama Lupu akaweka mkono mdomoni. Bibi Aglaia akafanya ishara ya msalaba, akaegemea fimbo yake, na akauliza kama anavyouliza mtu aliyepata habari sasa hivi:

"Lini, mwanangu?"

"Februari," alisema Saveta. "Ya mwaka juzi."

"Mungu amsamehe," alisema bibi Aglaia, kama kwetu tunavyowaombea wafu.

"Mungu amsamehe," wakaitikia wote.

Kisha wakapanda ngazi mmoja mmoja, bibi Aglaia mbele na binti mdogo wa Lupu nyuma kabisa, wakampa Saveta pole mkononi na mashavuni, kila mtu na neno lake juu ya Profira. Saveta alilia pale mlangoni pa manispaa, kwa sauti, bila kuziba uso, watu wakiingia na kutoka na shughuli zao. Nugzar alisimama kando yake, amemshikia mkoba.